Kombe za Mferejini

Guayaquil, 6 Mei 1996

Shangazi Eufrasia,

Naomba baraka zako. Barua hii anakuletea Don Wilo pamoja na furushi. Mwambie asilikalie kwenye boti kama alivyokalia keki ya ubatizo. Ndani kuna fremu ya mabomba, mraba wa mita moja kila upande, na kipima chumvi ambacho nakuomba usimwachie mtu yeyote. Kuna pia daftari lenye jalada gumu na penseli sita. Kalamu za wino usizitumie, unyevu unaziua.

Viwanja tulivyovipima pamoja Pasaka vibaki vilevile: vitano Mferejini, yanakotokea maji machafu ya mabwawa ya kampuni ya kufuga kamba, na vitano Boca Vieja, ambako maji hayo hayafiki. Vile vigingi vyenye kitambaa chekundu usivisogeze hata mti ukiviangukia. Kila bamvua, maji yakishatoka kabisa, nenda na Ramona. Laza fremu, hesabu mashimo ya kaa na miche ya mikoko, kisha ingiza mkono topeni mpaka kiwiko utoe kila kombe iliyojifunga ndani ya ganda lake, uipime upana, uirudishe palepale. Andika tope lina rangi gani na linanuka nini. Andika kila kitu, Shangazi, hata unachoona hakina maana.

Kikao ni tarehe 20 Agosti, Esmeraldas mjini. Kampuni inataka kuchimba mabwawa mapya mpaka Boca Vieja, na wizara imesema itaamua kwa hesabu, haitasikiliza kelele za mtu. Tukishindwa, hutakuwa na mahali pa kuingiza mkono tena, wewe wala Ramona wala mwanamke yeyote wa kijiji chetu cha El Pasadero. Kila nikilifikiria hilo silali vizuri.

Kuna sharti moja. Daktari Icaza, mkuu wangu wa maabara, amenikataza kukuambia tunatarajia kuona nini. Anasema anayehesabu akijua kinachotafutwa, macho yake yanaanza kukitafuta. Kwa hiyo usiniulize. Hesabu tu.

Lidis


El Pasadero, 19 Mei 1996

Lidis mwanangu,

Mungu akubariki. Don Wilo alilikalia. Kona moja ya fremu imevunjika, nimeifunga kwa uzi wa nyavu, sasa ni imara kuliko ulivyoituma.

Ramona alicheka mpaka kile kifuu chake cha moshi wa kufukuzia mbu kikadondoka majini. "Eufrasia, miaka arobaini unazichimba, leo ndiyo unazipigia hodi?" Nikamwambia nyamaza wewe, hii ni sayansi, shika daftari. Akalishika kichwa chini miguu juu.

Haya, nambari zako. Mferejini: 3, 1, 0, 2, 1. Boca Vieja: 11, 9, 14, 8, 12. Mashimo ya kaa na chumvi viko kwenye karatasi ya pili. Tope la Mferejini ni jeusi, linanuka yai viza, na halishiki mguu kama zamani, linateleza kama uji.

Ile sifuri niliirudia mara tatu. Pale ndipo mama yangu aliponifundisha kuchimba. Alikuwa anajaza kikapu kabla kifuu hakijaisha moshi. Nimerudi nyumbani nikakaa jikoni na hilo daftari mpaka samaki na ndizi zikapoa sufuriani. Sipendi kuandika sifuri mahali pa mama. Ndiyo wanayoitaka hiyo? Najua umesema nisiulize. Nimeuliza.

Shangazi yako,
Eufrasia


Guayaquil, 30 Mei 1996

Shangazi,

Nimepokea. Kazi safi, Daktari amesifu mwandiko wako. Kuhusu swali lako, siwezi kujibu. Nisamehe.

Nakuandikia upesi ili habari hii isikufikie kwa mdomo wa mwingine. Kampuni imepeleka wizarani karatasi inayosema kombe zimekwisha kwa sababu ninyi wanawake mnachimba kupita kiasi na kubeba mpaka vitoto vya kombe. Imeandikwa hivyohivyo. Nilipoisoma nilitaka kurusha kiti dirishani. Tafadhali usiwaambie wenzako, watawasha moto. Endelea kuhesabu, na zile zenye upana usiofika vidole vitatu ziandike peke yake.

Lidis


El Pasadero, 18 Juni 1996

Lidis,

Nimewaambia. Kwani ulitegemea nini?

Tulikutana kwa Ramona, wanawake kumi na tisa, wote wanaongea na hakuna anayesikiliza. Sisi tumebeba vitoto! Sisi ambao mtu akileta kombe changa pwani anarudishwa nayo matopeni kwa miguu yake, aizike mdomo juu palepale alipoitoa, na aiombe radhi wengine wakimsikia! Mama yangu alinipitisha njia hiyo mara mbili jua la mchana likiwaka, kwa kombe moja iliyojificha chini ya kikapu. Hao mabwana wa kamba hawajawahi kuomba radhi hata kwa mbu.

Ramona alisimama mlangoni, na unajua akisimama huyo kuna jambo. Mwishoni akasema, "Wakija kuangalia, wataona." Hatukuuliza wataona nini.

Mferejini: 5, 4, 3, 6, 4. Boca Vieja: 12, 9, 13, 9, 11. Tope la Mferejini bado jeusi. Kwa hiyo unaona, mambo si mabaya kiasi hicho. Ule vizuri, hapo Pasaka shingo yako ilikuwa imebaki mifupa.

Eufrasia


El Pasadero, 17 Julai 1996

Mwanangu,

Mferejini: 9, 11, 8, 10, 12. Boca Vieja: 10, 9, 12, 8, 10.

Sina la zaidi, mgongo unauma. Waambie hao waje waone kama sisi tumemaliza kitu.

Eufrasia


Guayaquil, 25 Julai 1996

Shangazi,

Barua hii nimeianza mara nne, zote nimezichana.

Kwa karatasi zako mwenyewe, tope la Mferejini ni jeusi vilevile. Harufu ni ileile. Mashimo ya kaa yamebaki mawili kwenye viwanja vyote vitano, na miche imekauka. Halafu kombe zimepanda kutoka sifuri na moja mpaka kumi na mbili, ndani ya miezi miwili? Kombe haikui hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba haikui hivyo. Daktari Icaza aliniuliza mbele ya watu ni nani anayehesabu. Nikasema ni mtu ninayemwamini. Akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Na Don Wilo ameniambia kampuni imeleta mabati kijijini. Nazunguka chumba hiki tangu jana, mpangaji wa chini amenigongea dari. Sitaki kuuliza ninachotaka kuuliza. Shangazi, wamekupa chochote?

Lidis


El Pasadero, 31 Julai 1996

Lidis Ayoví,

Mabati yalikuja, ishirini. Padre aliyapokea na yako juu ya kanisa. Mimi mvua ya jana niliweka sufuria tatu sebuleni. Njoo uzihesabu, si unapenda kuhesabu.

Kaka yangu alipokufa ulikuwa na miaka mitano na kikohozi. Nilikulea. Nilikusomesha kwa kombe, nikizitoa matopeni moja moja mpaka kucha zikaisha, na siku uliyopanda basi la Guayaquil nililia hadi Ramona akaona aibu kwa niaba yangu. Leo unaniuliza kama nimenunuliwa kwa bati.

Uliniambia nihesabu zilizomo. Nimehesabu zilizomo. Hakuna nambari hata moja niliyoidanganya.

Eufrasia Ayoví Mina


Guayaquil, 5 Agosti 1996

Shangazi yangu,

Sina uso wa kuomba baraka, lakini naziomba. Nimekukosea. Niliogopa, na hofu ikanitoa maneno ambayo ningempiga kofi mtu mwingine kama angeyasema juu yako.

Sasa navunja sharti la Daktari. Ningelivunja mapema ningekuwa na akili.

Kama ninyi ndio mliomaliza kombe, zingepungua kote, kwa sababu mnachimba kote, na Boca Vieja zaidi. Lakini Mei zilikuwa nyingi Boca Vieja na karibu hakuna Mferejini. Mikono ni ileile, kikapu ni kilekile. Tofauti ni maji ya mfereji peke yake. Zile nambari zako mbaya, ile sifuri uliyoirudia mara tatu, ndizo zilizokuwa zinawatetea. Ukinionyesha kombe kumi na mbili Mferejini, wakili wa kampuni atasimama aseme maji yao hayana neno, naomba kibali cha Boca Vieja. Na watampa.

Kama kweli tope linapona, niambie, nitafurahi na tutashindwa kwa haki. Lakini niambie. Zimebaki siku kumi na tano na siwezi kukaa kitini.

Lidis wako


El Pasadero, 10 Agosti 1996

Lidis,

Barua yako niliifungua palepale gatini, nikakaa chini, Don Wilo akadhani nimezimia akanimwagia maji ya boti. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimelowa na ninanuka mafuta.

Tulizipanda, mwanangu.

Kila mwanamke aliyetoa kombe changa Boca Vieja hakuirudisha ilikotoka. Tulizikusanya, tukazipeleka Mferejini, tukazizika katikati ya vigingi vyako vya vitambaa vyekundu, maana ndiko mtakakoangalia. Tulivunja mwiko wetu wenyewe ili tuonekane hatuvunji mwiko. Ramona ndiye aliyeanza, ila mimi ndiye niliyekuwa na daftari, kwa hiyo lawama ni yangu. Tulitaka waandike kwamba wanawake wa hapa wanaitunza bahari. Sikudanganya nambari hata moja, nilikuapia na naapa tena. Nilidanganya kwa mikono.

Na zilikuwa zinakufa. Kila tukirudi tunazikuta zimeachama. Tunazitoa, tunaweka nyingine. Ningekuwa na akili ningejua hapo hapo kuna nini, lakini nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira huwa naona kile tu ninachotaka kuona. Daktari wako alisema kweli kuhusu macho.

Zilizokufa sikuweza kuzitupa, ni watoto. Ziko kwenye gunia chini ya kitanda, nyumba haikaliki. Na kwa kuwa uliniambia niandike kila kitu, niliandika nyuma ya daftari, tarehe kwa tarehe: nani amepanda, ngapi, kiwanja gani, ngapi zimekufa. Zilizopandwa mia sita na arobaini. Zilizokufa mpaka jana mia sita na moja.

Nimeharibu kazi yako na nimepoteza Boca Vieja. Niambie la kufanya. Nitafanya lolote.

Shangazi yako, kama bado unamtaka


Guayaquil, 15 Agosti 1996

Shangazi,

Namtaka. Usiandike tena hivyo.

Nililia, nikacheka, mpangaji wa chini akagonga tena. Kisha nikaenda kwa Daktari Icaza nikamwambia yote. Alifunga mlango. Akasema naweza kupeleka hesabu ya Mei peke yake na kunyamaza, hakuna atakayejua. Nikamtazama, naye akaangalia pembeni. Nadhani alikuwa ananipima, au labda alimaanisha, sijui.

Nitasema yote. Nikificha, nitakuwa na mikono kama yenu lakini bila sababu nzuri kama yenu. Watatufukuza, najua. Mpe Don Wilo daftari aniletee. Wewe baki nyumbani. Wakili wa kampuni ni mtu mbaya, atakurarua mbele ya watu, na hilo sitaweza kulitazama. Nakuomba kwa jina la baba yangu, usije.

Lidis


Esmeraldas, 21 Agosti 1996

Shangazi,

Ulikuja!

Naandika hapa hapa kituo cha basi. Nilipomaliza kusema niliyosema, wakili alipiga makofi, mwenyekiti akafuta hesabu zetu zote na kuniamuru nitoke nje, kwa sababu mwenye kuhesabu ni ndugu yangu na niliuficha ukweli huo. Sikuwa nimeuficha, hakuna aliyeniuliza, lakini nilitoka. Nikiwa kwenye ngazi nikakuona unapita na gauni lako la mazishi, gunia begani, kikapu mkononi. Hukunitazama. Mlango ukafungwa. Nikasikia kishindo kama kokoto zinamwagwa mezani, halafu mtu akakohoa, halafu sauti yako. Maneno sikuyapata. Kabla sijapenya ukawa umeshawahi boti.

Uamuzi nimeusoma ubaoni: mfereji uzibwe mpaka Desemba, viwanja vihesabiwe upya na watu wasio wa kijiji wala wa kampuni, mabwawa mapya yasubiri hesabu hiyo. Mimi nimeondolewa kwenye kazi hii, na maabara watanijulisha kama bado wananihitaji. Daktari Icaza hataki kunisimulia. Anasema, "Muulize mwenyewe," na anatabasamu.

Ulisema nini mle ndani?

Lidis


El Pasadero, 29 Agosti 1996

Mwanangu,

Mungu akubariki, wewe hutii na mimi sitii, tumelingana.

Nilimwaga gunia mezani. Harufu ilifanya nusu ya kazi. Yule wakili mwenye viatu vinavyong'aa akaziba pua akasema, "Bibi, hizi zimekufa kwa kubebwa. Mlizing'oa kwao mkazihamisha, nani asingekufa?" Wakaanza kutikisa vichwa.

Nikafunua kikapu. Nikamwambia, bwana mdogo, kombe hizi nilizitoa Boca Vieja Jumapili. Leo Jumanne. Zimelala jikoni, zimepanda boti, zimepanda gari, zimengoja barazani kwenu saa tatu nzima bila kupewa hata kiti. Gusa. Hakutaka. Mwenyekiti akanyoosha kidole, kombe ikafunga mdomo tap! Akashtuka akacheka. Nikasema, kombe inavumilia safari kuliko padre. Kwenda Mferejini kutoka Boca Vieja ni nusu saa. Hizi mia sita na moja hazikufa njiani, zilikufa zilipofika.

Kisha nikasoma daftari. Tarehe kwa tarehe, jina kwa jina. Nilipofika katikati sauti ikanikatika, kwa sababu nilikuwa nawasomea kosa langu mbele ya watu, na pia kwa sababu ni nyingi mno, Lidis. Sikuwa nimewahi kuzisikia zote kwa mara moja. Mwisho nikafanya tunavyofanya. Nikaziomba radhi, kwa sauti. Wakili akaguna, mwenyekiti akamwambia anyamaze.

Sikukutazama pale ngazini kwa sababu ningekutazama ningerudi nyumbani.

Mimi na wenzangu tumekatazwa kukanyaga Mferejini hadi wageni wahesabu. Ni haki yao. Ila napita mbali kila siku, mikono nimeifunga mgongoni ili kila mtu aione.

Eufrasia


Guayaquil, 2 Desemba 1996

Shangazi,

Naomba baraka zako. Maabara bado hawajasema ndiyo wala hapana. Nafundisha hesabu watoto wa jirani, nao hawazipendi.

Nimeambiwa wageni watakuja na bamvua ya tarehe 10. Daktari hataniandikia, ameapa kutosema hadi muhuri upigwe. Kwa hiyo nakutegemea wewe. Usiwasaidie, usiwape chai, usiwaonyeshe njia. Tazama tu, halafu niandikie siku hiyohiyo. Sitafuni chakula, nakimeza tu. Boti ya barua naiona iko mbali kila siku.

Lidis


El Pasadero, 10 Desemba 1996

Lidis,

Naandika na matope miguuni, Don Wilo ananingoja na mashine inawaka, ananung'unika.

Walikuja wanne, mmoja akapoteza kiatu dakika ya kwanza. Sikumsaidia. Nilisimama na Ramona nje ya vigingi, na Ramona alinishika gauni kwa nyuma kama unavyomshika mbuzi.

Boca Vieja: 10, 8, 13, 9, 11. Mashimo ya kaa Mferejini kumi na saba. Kumi na saba, mwanangu! Tope ukingoni limeanza kuwa kahawia.

Kombe za Mferejini. Kiwanja cha kwanza sifuri. Cha pili sifuri. Cha tatu, kile cha mama, msichana wao aliingiza mkono, akatafuta, akatoa, sifuri. Cha nne sifuri, na zile thelathini na tisa zetu zilizobaki hai Agosti sasa ni maganda matupu. Nikawaza sawa, hiyo ndiyo kweli, hiyo ndiyo tuliyotakiwa kuiandika tangu mwanzo. Na tutashinda kwayo, nipende nisipende. Cha tano wakamwaga tope kwenye chujio wakaliosha, na yule msichana akasema, "Subirini."

Moja. Nimeiona kwa macho yangu, alinisogezea kiganja chake. Ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, karibu nyeupe. Mkono wa mchimbaji haushiki kitu kidogo hivyo. Imekuja yenyewe na maji, imechagua pale, na imekaa.

Aliiandika, kisha akaanza kuiweka kando kwenye kichupa. Hapo Ramona aliniachia gauni. Nikamwambia yule binti kwamba hapa kwetu inarudishwa ilikotoka, mdomo juu, na anayeirudisha anaiomba radhi. Akamtazama mkuu wake. Mkuu akakubali kwa kichwa. Akainama akaizika, akasema samahani, kimyakimya, akiona haya.

Moja, Lidis. Sikuiweka mimi.

Shangazi yako,
Eufrasia